AJALI YA UMEME INA KINGA



Kuna msemo mmoja ambao tumeusikia misibani mara nyingi mno, nao ni huu: "Ajali haina kinga." Mtu amekufa kwa kushika waya, watu wamekaa mkekani, wanatikisa vichwa, wanasema ajali haina kinga, kisha wanazika na kutawanyika. Waya ule ule unabaki pale pale ukutani ukimngoja mwingine. Sisi leo twataka kusema wazi kwamba kwa habari ya umeme msemo huu hauna ukweli. Ajali ya umeme ina kinga. Kinga hiyo yajulikana, yauzwa madukani, na mafundi wa kuiweka wapo. Wengi wanaokufa kwa umeme nyumbani au kazini wameuawa na ujinga, au ubahili, au uzembe wa mtu fulani. Na hao watatu ni maadui ambao tukiamua kupigana nao twaweza kuwashinda.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Umeme ulianza kuwaka Dar es Salaam mwaka 1908, zama za Wajerumani, nao uliwashwa kwa ajili ya karakana za reli na zile sehemu za mji walizokaa wakoloni wenyewe. Mwingereza naye, mwaka 1931, aliutia katika mikono ya makampuni mawili ya watu binafsi. Tulipojitawala mwaka 1961, Mwafrika aliyekuwa na taa ya umeme nyumbani kwake alikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1964 Serikali ilianza kununua hisa za makampuni hayo, na mwaka huo huo mitambo ya Hale ikaanza kazi. Kidatu ilifuata mwaka 1975. Leo bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mashine tisa zenye uwezo wa megawati 2,115, na nguzo za umeme zimefika karibu katika vijiji vyote vya Tanzania Bara, vijiji vinavyopita 12,000. Hii ni kazi ya kujivunia, na atakayeibeza hajui giza lilivyokuwa.

Lakini tuulizane swali moja. Umeme ukifika kwenye mita, nani anauongoza kuingia chumbani? Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Gharama ya kuunganishiwa kijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000, ili mkulima naye aimudu. Shilingi hizo zaleta waya kutoka kwenye nguzo mpaka nyumbani. Nyaya za ndani, soketi, swichi na ethi ni mzigo wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akishapiga hesabu na kuona mzigo ni mzito, anamwita kishoka. Kishoka hana leseni, hana kipimo, na pengine hana hata viatu. Anafunga nyaya nyembamba, anaziunga kwa mkono na kuzifunika kwa mfuko wa nailoni. Ethi haweki kabisa, kwa sababu taa zitawaka tu hata bila ethi. Mwenye nyumba anafurahi kwamba ameokoa fedha. Wazee walisema rahisi ghali, nao hawakukosea.

Wengine watatuambia, "Mbona nyumba yangu haina ethi na tumeishi miaka kumi salama?" Hawa tunawajibu kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Kinachomuumiza mtu ni mkondo unaopita mwilini mwake, nao hupimwa kwa ampea. Ampea moja ina miliampea 1,000. Mkondo wa miliampea kumi au kumi na tano unatosha kuikaza mikono ya mtu asiweze kuuachia waya alioushika. Ndiyo maana watu husema amenaswa. Ukipita miliampea 30 na kuendelea kwa sekunde chache, pumzi yaweza kuzuilika na moyo waweza kupoteza mapigo yake. Sasa tazama: taa ndogo ya wati 10 huvuta kiasi cha miliampea 43. Mkondo unaomwangazia mtoto wako daftari unatosha kumwua mtoto huyo huyo. Na mwili wenye maji, wa mtu anayefua au anayetoka kuoga, waweza kupitisha miliampea 230 au zaidi, maana maji huupunguzia mwili ukinzani wake.

Wengi hutegemea fyuzi, wakidhani ndiyo mlinzi wao. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi kubwa ya miguu mitatu ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Ni zaidi ya mara mia nne ya mkondo unaoweza kuua. Kazi ya fyuzi ni kuukinga waya usiungue, na ile sakiti breka ya kawaida kazi yake ni hiyo hiyo. Mtu aweza kunaswa mpaka akakata roho, na fyuzi ikabaki nzima, kwa kuwa haikuona jambo lo lote la kuishtua.

Walinzi wa mtu ni wawili. Wa kwanza ni ethi, yaani ile fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini na waya wake unaofika kwenye kila soketi. Waya wa moto ukichubuka ndani ya friji na kugusa bati lake, ethi huuchukua mkondo ule na kuupeleka ardhini, na swichi ikakata. Pasipo ethi, bati lile hukaa na umeme likingoja mkono. Sote twazijua nyumba ambamo friji "inang'ata kidogo", na watu wa nyumba hiyo wamejizoeza kuvaa kandambili kila wanapoifungua. Hiyo kandambili ndiyo wameifanya kinga yao! Na siku mtoto atakapokwenda peku, na sakafu imepigwa deki, itakuwaje?

Mlinzi wa pili ni swichi ya kukata umeme unapovuja. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ikiona umepungua kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali unapita pasipo haki, huenda ni katika mwili wa mtu, basi hukata kabla sekunde moja haijafika theluthi. Swichi hiyo ina kidude cha kujaribia. Yafaa kibonyezwe walau kila miezi mitatu, na kama haikati, ibadilishwe. Lakini hata yenyewe haimpi mtu ruhusa ya kufanya mchezo. Anayeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono wa pili, swichi hii haiwezi kumtambua na taa.

Sisi twasema kwamba nyumba isiyo na walinzi hawa wawili haijakamilika, kama vile nyumba isiyo na paa haijakamilika.

Tuendelee na mambo ya kila siku. Wahenga walituachia methali isemayo, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Tungependa kila mwenye ekstensheni aibandike ukutani. Soketi moja ya ampea 13 yaweza kubeba kiasi cha wati 3,000 tu. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vimekwisha kuijaza. Ukiongeza jiko, waya unapata moto, plagi inageuka rangi na kunukia, na godoro lililo karibu linamaliza kazi. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake nayo hupata moto upesi, maana joto halina pa kutokea. Inyoshwe yote kabla ya kubebeshwa mzigo. Na waya usipitishwe chini ya mkeka wala chini ya zulia, mahali ambapo unakanyagwa na kuchubuka bila mtu kuona.

Kuna na hila ambazo watu huzionea fahari. Mmoja anachomeka kijiti katika tundu la juu la soketi, ili plagi ya miguu miwili ipate kuingia. Tundu hilo ni la ethi, na pazia lile la ndani liliwekwa kuwazuia watoto. Mwingine hana plagi kabisa, anaingiza nyaya tupu na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Wa tatu fyuzi yake ikikatika anafunga kipande cha waya wa shaba, na sasa hata nyumba ikiwaka hakuna cha kukata. Wa nne anatumbukiza hita katika ndoo, kisha anatia kidole kuona kama maji yamepata moto. Ndugu zetu, huu si werevu. Plagi moja ni kitu cha bei ndogo sana, na jeneza si la bei ndogo.

Sasa twende kazini, kwani huko wafanyakazi wetu wanauawa kwa amri za watu wengine. Mwajiri anamwambia kijana, "Fanya haraka, usizime, wateja wanangoja." Kijana anaogopa kufukuzwa, anaingiza mkono. Sisi twamwambia mwajiri huyo kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambana yeye, na kwamba mfanyakazi si bisibisi, akivunjika ukanunua mwingine. Fidia kwa wafanyakazi ipo kwa sheria ya mwaka 2008, lakini fidia haimrudishi baba kwa watoto wake.

Kanuni ya kazi ya umeme ni fupi, na kila karakana yafaa iiandike kwa herufi kubwa. Zima. Piga kufuli kwenye swichi, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Tundika kibao kinachosema mtu yuko kazini. Kisha pima. Kwanza jaribu kipimo chenyewe mahali unapojua pana umeme, ndipo upime unapotaka kufanya kazi, halafu ukijaribu tena kipimo, kwa sababu kipimo kibovu kinasema uongo. Fundi asiamini rangi peke yake. Katika nyumba za zamani waya mweusi ulikuwa nyutro, bali katika nyaya mpya za njia tatu mweusi waweza kuwa wa moto. Wamekufa mafundi hodari kwa kuziamini rangi.

Vijana wanaochomelea vyuma kando ya barabara nao tunawaomba wasikie. Waya wenye vidonda uliolala kwenye tope, mashine isiyo na ethi, na mtu aliyechutama amevaa ndala zilizolowa, hayo matatu yakikutana hakuna haja ya mganga kusema aliyeroga. Wajenzi wa maghorofa vile vile. Wanainua nondo ndefu wakitazama nguzo za jengo, hawatazami waya unaopita juu. Nyaya zile kubwa zina volti 11,000 au 33,000, na umeme wa namna hiyo haungoji kuguswa. Huruka hewani ukiona chuma kimeukaribia. Ngazi ya bati, antena ya televisheni, na hata upembo mbichi wa kuangulia maembe, vyote ni njia ya umeme. Mwembe ulioshikana na waya usipandwe kamwe, hata kama maembe yake ni matamu namna gani. Waitwe wenye nyaya waje kuukata.

Na jambo moja wengi hawalijui. Umeme ukikatika mtaani, mwenye duka anawasha jenereta na kuiunganisha moja kwa moja na nyaya za nyumba, wala hakuzima swichi kuu. Umeme wake mdogo wa volti 230 unatoka nje, unarudi kwenye transfoma, na transfoma haijui kwamba unatoka upande usio wake. Inaupandisha kuwa maelfu ya volti na kuutoa kwenye nyaya kubwa. Kule juu ya nguzo yuko fundi aliyekuja kuturudishia umeme, amekwisha kuzima upande wake na ameamini waya umekufa. Tunamwua mtu aliyekuja kututumikia. Mwenye jenereta awekewe swichi ya kubadilishia, ile inayofungua upande mmoja kabla ya kufunga wa pili. Asiyeweza kuinunua achomeke vyombo vyake kwenye jenereta yenyewe, nyaya za nyumba aziache.

Waya ukianguka barabarani baada ya mvua, mtu asiusogelee, hata kama unaonekana umelala kimya. Umeme husambaa ardhini, na mguu mmoja ukiwa mbali na mwenzake, mkondo hupanda kwa huu na kushuka kwa ule. Akae mtu mbali, walau mita kumi, awazuie watoto na mifugo, na wenye nyaya wapigiwe simu. Aliyejikuta karibu aondoke kwa kuburura nyayo, miguu yote miwili ikigusana, asipige hatua ndefu.

Na tukimkuta mwenzetu amenaswa, je? Upendo wetu ndio hutuua hapo, kwani mama humrukia mwana, na mwana humrukia mama, yakatoka majeneza mawili katika nyumba moja. Mkono usimguse. Kwanza zima swichi kuu au chomoa plagi. Ikishindikana, na kama ni umeme wa nyumbani tu, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama ni waya mkubwa wa nguzo, usijaribu hata hivyo, ngoja uzimwe. Akisha kuachiliwa na hapumui, usiseme amekufa. Mweke chali, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, kiasi cha sentimita tano, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, wala usiache mpaka msaada ufike au apumue. Asimwagiwe maji, wala asifukiwe mchangani. Na hata akiinuka na kucheka apelekwe hospitali, maana umeme huunguza ndani mahali jicho lisipoona. Ukizuka moto wa umeme, kata umeme kwanza, usirushe maji, tumia mchanga mkavu, na Zimamoto waitwe kwa namba 114.

Tumesema ya mtu mmoja mmoja. Sasa ya pamoja, kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Kijiji kinaweza kukaa katika mkutano wake mkuu na kukubaliana kwamba hakuna nyumba itakayofungwa nyaya na mtu asiye na leseni ya EWURA. Kaya ishirini zikijikusanya na kumwita fundi mmoja mwenye leseni kwa siku chache mfululizo, zaweza kupatana naye bei ambayo kaya moja haiwezi kuipata, na kununua fimbo za ethi na swichi za kinga kwa jumla. Kwa nyumba ndogo ya chumba kimoja au viwili kipo kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, kilichobuniwa ili mwenye nyumba asianze kutandaza nyaya ukutani. Viongozi wakiulizie. Vijana wetu waliosomea umeme VETA wako majumbani wakitafuta kazi, na kishoka yuko kazini. Jambo hili ni aibu yetu sote.

Kwa Serikali yetu nasi tuna neno, tena la heshima. Twaomba nyumba isiwashwe mpaka mkaguzi ameiona ethi kwa macho yake na ameipima, wala isitoshe kupigwa muhuri karatasini. Twaomba swichi ya kinga ya miliampea 30 iwe sharti katika kila nyumba mpya, na anayeunganishiwa kwa shilingi 27,000 asaidiwe kuilipa kidogo kidogo pamoja na umeme wake. Hatuoni shida yo yote katika jambo hili. Taifa lililoweza kuuzuia mto Rufiji haliwezi kushindwa na kidude kinachoenea katika kiganja cha mkono.

Na kwa kila msomaji, leo hii, kabla hujaliweka chini gazeti hili, zunguka nyumbani kwako. Tazama plagi iliyogeuka rangi. Tazama waya wenye kidonda. Muulize mkeo, mumeo au watoto kama kuna kitu kinachong'ata. Uliza kama kila mtu wa nyumba anajua swichi kuu iko wapi, na kama aweza kuifikia gizani. Lisilofaa lizime leo, na kesho mwite fundi. Jirani yako asiyejua kusoma msomee maneno haya.

Tulihangaika miaka mingi kuutafuta umeme, tusikubali utuzike. Shime, ndugu zetu!